Mtu wa Teknolojia na Kazi ya Kuchagua

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi ya kuandika programu hapa Dar es Salaam alinieleza hivi karibuni, kwa fahari, kwamba amegawa karibu nguo zake zote akabaki na fulana kumi za kijivu zinazofanana. Vitabu anavyosoma huvitoa katika orodha zinazotangazwa na matajiri wa kompyuta kila mwaka, na muziki anaousikiliza akiwa kazini huletewa na programu ya simu, ambayo humpangia wimbo mmoja baada ya mwingine bila yeye kugusa kitu. Aliyaeleza mambo hayo matatu kana kwamba ni jambo moja, na nadhani katika hilo alikuwa sahihi, kwa sababu yote yanatokana na imani kwamba mtu mwenye akili anapaswa kuutunza uwezo wake wa kuamua kwa ajili ya kazi kubwa, na mengine ayaache yajiendeshe. Nampenda kijana huyu na naiheshimu kazi yake. Hata hivyo naiona imani hiyo kuwa na kasoro, na kasoro yenyewe inamgusa mtu wa teknolojia kuliko mtu wa kazi nyingine.

Historia ya imani hiyo ni fupi. Mwezi Novemba 2014 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, aliulizwa mbele ya hadhara kwa nini kila siku huvaa fulana ile ile ya kijivu, akajibu kwamba anataka maisha yake yawe na maamuzi machache kadiri inavyowezekana, ukiacha yale yanayohusu namna ya kuwahudumia watu wanaoutumia mtandao wake. Miaka miwili kabla ya hapo Barack Obama, akiwa bado rais wa Marekani, alikuwa amesema kwamba huvaa suti za kijivu au za buluu tu kwa sababu kama hiyo. Wote wawili walikuwa wakirudia fundisho la saikolojia lililoenea sana wakati ule, kwamba utashi wa mtu ni mfano wa maji ya mtungi: ukiyachota asubuhi kwa mambo madogo, jioni utaukuta mtungi mtupu. Fundisho hilo lilipata nguvu mwaka 1998, baada ya mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake kuchapisha majaribio yao, likiwemo lile la watu waliozuiwa kula biskuti za chokoleti wakapewa figili, ambao baadaye walikata tamaa mapema zaidi walipopewa fumbo wasiloweza kulifumbua. Mwaka 2016 maabara 23 ziliungana kuipima upya dhana hiyo kwa washiriki zaidi ya 2,000, na athari iliyoonekana ilikuwa karibu na sifuri. Wanasaikolojia wanaendelea kubishana juu ya maana ya matokeo hayo, lakini kwa watu ambao kazi yetu ni kuheshimu vipimo, dhana iliyotikiswa kiasi hicho haifai kuwa msingi wa kupanga maisha.

Mfano unaotajwa kuliko yote, wa Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, na fulana zake nyeusi za shingo ndefu, kwa maelezo yake mwenyewe kwa mwandishi wa wasifu wake ulianza kwa sababu tofauti kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitembelea kampuni ya Sony huko Japani, akamuuliza mkuu wake, Akio Morita, kwa nini wafanyakazi wote wanavaa sare. Morita akamjibu kwamba baada ya vita watu hawakuwa na nguo, kwa hiyo makampuni yalilazimika kuwapa wafanyakazi kitu cha kuvaa, na kadiri miaka ilivyopita nguo hizo zikawa alama ya undugu kati ya kampuni na watu wake. Koti la Sony lilibuniwa na Issey Miyake, mbunifu wa mavazi wa Kijapani. Lilikuwa la nailoni, na mikono yake ilifunguka kwa zipu likabaki kizibao. Jobs akatamani watu wa Apple nao wapate kizibao chao, akarudi Marekani kuwaeleza, nao wakamzomea. Urafiki wake na Miyake ndio uliobaki, na kutokana nao zikaja zile fulana nyeusi, takribani mia moja, alizoziweka kabatini za kumtosha maisha yake yote.

Nimeisimulia habari hiyo kwa kirefu kwa sababu inasomwa vibaya. Kilichomvutia Jobs kilikuwa undugu wa watu wa kazi moja, na alipoukosa alimtafuta mbunifu mmoja aliyemwamini kuliko wote na kumwomba nguo moja iliyo sawa. Fulana mia zile zilikuwa uamuzi mmoja, uliofikiwa na mtu ambaye, baada ya kuacha masomo rasmi katika Chuo cha Reed, aliendelea kuhudhuria darasa la uandishi wa hati za mkono ili ajifunze nafasi inayopaswa kuachwa kati ya herufi na herufi. Miaka kumi baadaye maarifa yale yaliingia katika kompyuta ya Macintosh ya 1984. Anayemwiga kwa kuvaa nyeusi bila kupita katika shule hiyo ya macho ameichukua fulana na kuiacha kazi iliyoizaa.

Mimi nilifundwa kuchagua nguo na bibi mzaa mama, Tanga, katika maduka ya kanga, nikiwa mtoto wa kumbebea mkoba. Bibi hakuweza kununua doti moja kwa muda usiofika saa nzima. Kwanza alisoma jina, kwa maana kanga ni nguo inayosema, na kabla hujaivaa ni lazima ujue inamwambia nani na inasema nini. Maneno yaliyofaa harusi ya Ijumaa yangeweza kuwa kijembe kwa jirani siku ya Jumamosi. Kisha aliikunjua yote juu ya kaunta na kutazama kama mji umekaa sawa katikati ya pindo au umechapwa kombo, kwa sababu kanga iliyochapwa kombo haipindiki vizuri, na vipande vyake viwili havilingani vinapovaliwa pamoja, kimoja kiunoni na kingine mabegani. Mwisho aliipikicha pembe moja kwa vidole mpaka wanga upungue, ili auone uzi ulivyofumwa bila kufichwa na kitu. Mwenye duka hakukereka, maana naye aliijua bidhaa yake. Bibi alitoka pale amechangamka kuliko alivyoingia, na mpaka leo, ninapotazama skrini nikaona kitufe kimesogea pikseli mbili kutoka mahali pake, najua jicho linaloona lilifunzwa wapi.

Wahenga hawakuwa upande wangu, angalau ukiwasikia juu juu. Walisema mchagua jembe si mkulima, wakasema pia mchagua nazi hupata koroma. Methali hizo nazikubali zinapomlenga mtu anayetumia uchaguzi kama kisingizio cha kuikimbia kazi, na katika fani yetu watu hao wapo: kuna anayebadilisha zana za kuandikia programu kila mwezi, na kuna anayelinganisha kompyuta kwa wiki tatu huku mradi umelala. Lakini mkulima asiyechagua jembe anatumia jembe lililofuliwa na mhunzi, na mhunzi huyo ndiye aliyeamua uzito wa bapa na pembe ya kuingilia mpini. Mtu wa teknolojia yuko upande wa mhunzi. Katika programu kuna kitu tunachokiita chaguo-msingi, yaani mpangilio unaofanya kazi pale ambapo mtumiaji hakugusa chochote, na watumiaji walio wengi hawagusi. Kwa hiyo ladha ya mtu anayetengeneza programu haiishii kwake. Anachokipenda, na zaidi ya hapo anachokipuuza, huwafikia watu ambao hatawaona kamwe, nao hukipokea kama hali ya kawaida ya dunia.

Nguo zangu mwenyewe hazina mengi ya kusimuliwa. Mashati yangu ni ya pamba na hushonwa na fundi ambaye, kabla ya kukata kitambaa, huuliza kola iwe ya namna gani, mfuko mmoja au miwili, nikikaa au nikisimama zaidi kazini, nafua kwa mashine au kwa mkono. Katika miaka yangu ya kuajiriwa nimeona miradi mikubwa ya kompyuta ikianza bila maswali hata nusu ya hayo kuulizwa.

Vitabu vinahitaji maelezo marefu zaidi, na hapa shahidi wangu ni Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1977 alipokea kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha sayansi ya kompyuta, akaona kwamba uzuri wa juzuu za mwanzo umepotea, kwa kuwa wachapishaji walikuwa wakiiacha mitambo ya zamani ya herufi za risasi na kuhamia upigaji chapa kwa njia ya picha. Mtu mwingine angelalamika kwa barua kisha akazoea. Knuth aliamua kutengeneza programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa, TeX, pamoja na nyingine ya kuchora herufi, na kazi aliyodhani itakuwa ya muda mfupi ikamchukua karibu miaka kumi. Leo wanahisabati na wanafizikia duniani kote huandika makala zao kwa TeX au kwa mifumo iliyozaliwa nayo. Miaka mitatu kabla ya kuziona kurasa zile, katika hotuba ya kupokea Tuzo ya Turing ya 1974, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, alikuwa tayari amesema kuwa uandishi wa programu ni sanaa. Nyumbani kwake ana kinanda kikubwa cha mabomba, na tangu Januari 1990 ameacha kutumia barua pepe ili apate muda wa kutafakari mambo kwa kina. Nikimtazama mtu huyu naona kwamba ladha yake ya kitabu kizuri ndiyo iliyozaa zana yenyewe.

Ukimweka Knuth kando ya vijana wanaofuata orodha za vitabu, tofauti inaonekana. Orodha zenyewe hazina ubaya. Mwaka 2015 Zuckerberg alijiwekea azma ya kusoma kitabu kimoja kila wiki mbili na kutangaza majina yake, na miongoni mwa vitabu hivyo ilikuwamo Muqaddima ya Ibn Khaldun, iliyoandikwa 1377, ambayo ningemshauri yeyote aisome. Ubaya uko katika namna tunavyozipokea. Mtu husoma vizuri anapokuwa na swali linalomsumbua, na orodha ya mtu mwingine imejaa maswali ya huyo mtu, yaliyotokana na mali yake na nchi yake. Zimezuka sasa programu zinazoahidi kukupa kiini cha kitabu kizima kwa dakika 15, na kijana wa fulana za kijivu anazitumia akiwa kwenye daladala. Jobs alifanya kinyume chake: kitabu cha wasifu wa yogi wa Kihindi alichokisoma ujanani alikirudia kila mwaka, na kwa mujibu wa mwandishi wa wasifu wake ndicho kitabu pekee alichokiweka katika kompyuta yake bapa. Kurudia kitabu ni kukichagua kwa mara ya pili ukiwa unajua kilichomo.

Kitabu ninachokirudia mimi ni utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliomtungia binti yake mwaka 1858. Sirudii kwa ajili ya mawaidha yake tu, ambayo baadhi yake mke wangu na mimi hatukubaliani nayo. Narudia pia kwa ajili ya ufundi. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina cha bahari kinachorudi toka mwanzo hadi mwisho. Tenzi hizi zilinakiliwa kwa mkono katika hati ya Kiarabu, ambayo kwa desturi haikutofautisha vizuri baadhi ya irabu na konsonanti za Kiswahili, hata neno moja likaweza kusomeka kwa njia mbili au tatu. Msomaji aliyekwama aliokolewa na mizani na vina, kwa sababu usomaji usio sahihi mara nyingi ulivunja hesabu. Katika mitandao ya kompyuta tunafanya jambo la jamaa hiyo hiyo tunapoambatanisha tarakimu za ukaguzi na kila kifurushi cha data ili mpokeaji ajue kama kimeharibika njiani. Sisemi kwamba Mwana Kupona alikuwa mhandisi. Nasema kwamba mhandisi anayesoma Kiswahili ana mbele yake mfano mzuri ajabu wa umbo linalojilinda, na ni hasara kuutafuta uzuri wa namna hiyo katika lugha za mbali peke yake. Hata ubishi wa miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani na wanamapokeo wakampinga vikali, naupenda kwa sababu hiyo: pande zote mbili zilijua zinachokichagua na zinachokiacha.

Nimebakisha muziki, na ndiko ninakoumia zaidi, kwa kuwa ndiko tulikokabidhi uchaguzi karibu wote. Huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti hujenga mapendekezo yake kwa kulinganisha historia ya msikilizaji mmoja na ya wengine wanaofanana naye, na Spotify ilipoingia Tanzania, Kenya na Uganda mwezi Februari 2021 ilikuwa imekwisha kujifunza ladha kwa watu wa mabara mengine kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa desturi ya huduma hizo, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na ukishavuka hapo, wa dakika mbili na wa dakika kumi na mbili huhesabiwa sawa. Fikiria maana yake kwa taarabu ya Zanzibar, ambayo ganuni, udi na fidla vinaweza kucheza kwa muda kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na ambayo msikilizaji huenda akausubiri ubeti wa nne ili ainuke kutunza. Mwanamuziki anayetaka kuishi kwa hesabu ile ana sababu ya kukata utangulizi na kufupisha beti, na hakuna mtu aliyekaa mahali akaamua kwamba taarabu ifupishwe.

Wala si mara ya kwanza kwa mashine kutuamulia. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba takribani dakika tatu, na nyimbo zilizoimbwa usiku kucha barazani zililazimika kuingia humo. Tofauti ni kwamba mipaka ya santuri ilionekana kwa macho, na aliyekuwa na gramafoni alikwenda mwenyewe dukani kuichagua sahani yake. Jobs na Steve Wozniak, mwenzake katika kuianzisha Apple, wakiwa vijana, walizunguka California wakitafuta kanda za maonyesho ya mwimbaji Bob Dylan ambazo hazikuwa madukani, na Jobs huyo ndiye aliyetoa iPod, kifaa kidogo cha kusikilizia muziki, mwezi Oktoba 2001 kwa ahadi ya nyimbo 1,000 mfukoni. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wahandisi wa Kijerumani waliobuni MP3, yaani mfumo wa kubana muziki uwe faili dogo, alipotaka kuujaribu mfumo wake aliusikiliza tena na tena wimbo mmoja wa Suzanne Vega ulioimbwa kwa sauti tupu bila ala, kwa sababu sauti ya binadamu isiyosindikizwa ilifichua kila kosa la mfumo ule. Alipoutengeneza mpaka sauti ile ikasikika sawa, alikuwa amerekebisha kitu ambacho baadaye kilipita katika masikio ya mamilioni ya watu. Uchaguzi wa wimbo wa kujaribia ulikuwa uchaguzi wa mtu mmoja mwenye sikio.

Ndiyo maana vijana wa singeli nawahesabu kuwa watu wa teknolojia kwa maana kamili ya neno. Katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale walichukua programu zilizotengenezwa kwa ajili ya madisko, ambazo kidhibiti chake cha kasi kimekusudiwa kuoanisha mapigo ya nyimbo mbili, wakavichukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza hadi mapigo 200, hata 300 kwa dakika. Wapo wanaosema ni kelele. Mimi nasikia ndani yake watu walioiona chaguo-msingi ya mashine wakaikataa, wakiwa na kompyuta dhaifu kuliko ile niliyonayo mezani.

Wiki chache zilizopita kijana wa fulana za kijivu alinionyesha programu anayoitengeneza kwa ajili ya wauza samaki, ya kupokea oda za mahoteli. Ndani ilikuwa safi na ya haraka. Yeye ni fundi mzuri. Lakini tarehe zilianza na mwezi kabla ya siku, kwa mtindo wa Marekani, na oda ya asubuhi ilionyesha saa nane, wakati mwanamke anayeuza samaki pwani, na mteja wake, na dereva wa bodaboda anayezipeleka, wote huita saa hiyo saa mbili. Kwao saa nane ni mchana, na samaki wa asubuhi akifika mchana amekwisha haribika. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba hakuchagua. Ilikuja hivyo na kiolezo alichoanzia.

Tulikaa Alhamisi nzima tukipitia skrini baada ya skrini, tukiuliza kila kilichokuja chenyewe kama kinafaa kubaki. Tarehe tulizigeuza mapema. Rangi za maandishi tukazijaribu nje juani, ambako simu hutumika. Saa ndiyo iliyotushinda, kwa sababu mahoteli yana wageni wanaohesabu kwa mtindo wa Ulaya na wauza samaki wanahesabu kuanzia macheo, na programu ni moja. Yeye anataka saa zote mbili zionekane kwa pamoja, mimi nahofia muuzaji ataisoma isiyo yake akiwa na haraka, na Jumatatu tunakwenda sokoni alfajiri kuwauliza wenyewe.